Retrete ya Kiangazi

Chai haina adabu. Mvua ikinyesha inaota bila kuuliza mtu, kamyo zinashuka kutoka milimani zimejaa mpaka juu, na sisi wa biro, yaani wa ofisini, tunakula tumesimama. Halafu kiangazi kinafika. Majani yanakuwa magumu, wachumaji wanarudi kwenye mashamba yao, na biro nzima inabaki inatazama ziwa. Na biro yetu ilikuwa Nguba, mtaa wa Bukavu, chini kabisa karibu na maji, kwa hiyo ziwa la kutazama halikukosekana.

Nilikuwa katibu na mpiga mashini ya kuandikia wa kampuni moja ya chai, miaka ile nchi ilipoitwa Zaïre na sisi sote tuliitana raia, citoyen kwa mwanamume na citoyenne kwa mwanamke, hata tukitukanana. Kiangazi kikija nilifuma. Watoto wengi wa Ibanda wa miaka ile walivaa soksi zilizotoka kwenye droo yangu. Comptable wetu, mtu wa hesabu, alilala akiwa amekaa wima, kalamu mkononi, macho nusu wazi, na mgeni akiingia angedhani anapiga hesabu ngumu. Hakuna aliyelalamika. Kiangazi kilikuwa kiangazi.

Mpaka mwaka mmoja tukaletewa Direkta mpya kutoka Kinshasa. Kijana. Abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Kifaransa chake cha Ulaya, Lingala chake cha mjini, Kiswahili sifuri. Alikuwa ametoka kusoma Ubelgiji, na kila kitu alichokiona kule alitaka kukipanda huku, kama mtu aliyerudi na mbegu mfukoni. Wiki yake ya kwanza alipita mlangoni kwa comptable, akasimama, akamtazama kwa muda mrefu, akaja kwangu.

"Citoyenne, hawa watu wanalala."

"Ni kiangazi, Citoyen Direkta."

Akanieleza kwamba Ulaya, kazi ikipungua, kampuni yenye akili inachukua watu wake wote, inawapeleka mahali pa utulivu kwa siku chache. Wanazungumza, wanacheza, wanajuana, wanarudi wamekuwa kitu kimoja. Kitu hicho kinaitwa retrete. Na mimi ndiye nitakayeipanga.

Nikasema ndiyo, bila wasiwasi. Nililelewa shuleni kwa masista, ambao sisi tunawaita mamère, na retrete niliijua vizuri: unafunga mdomo, unafikiri dhambi zako, unakunywa supu, unarudi nyumbani umekonda na umetakaswa. Kwamba kampuni ya chai nayo ilitaka kutakaswa, haikunishangaza hata kidogo. Ilihitaji. Nilichosahau ni kwamba neno lile la Kifaransa lilikuwa na maisha mawili, kama wanaume wengi wa Bukavu wa wakati ule. Lilikuwa na nyumba kubwa, na lilikuwa na nyumba ndogo.

Kesho yake, baada ya bendera kupanda na nyimbo za Parti kwisha, Direkta akasimama uani mbele ya depo, ghala letu la chai, mimi pembeni yake kutafsiri, maana watu wa depo Kifaransa chao kilikuwa cha bonjour na merci. Akasema yake. Nikasema yangu:

"Citoyen Direkta anasema hivi: mu kiangazi hii, batu bote ba biro na ba depo bataenda mu retrete."

Mama mmoja wa kufunga pakiti akakaa chini kwenye vumbi, na kitenge chake kizuri.

"Bote?" akauliza.

"Bote."

"Ata mimi? Weee! Mi nilianza kazi juzi, kwa Pasaka!"

Hapo ndipo nilipoiona ile nyumba ndogo ya neno. Kwa mfanyakazi wa Bukavu, retrete si supu na sala. Retrete ni pale wanapokuambia umezeeka: wanakupa mkono, wanakupiga picha, wanakupa redio, kwaheri. Na mimi nilikuwa nimewazeesha watu wote kwa pumzi moja.

Nikakimbilia neno lingine. "Hapana ile retrete! Hii ni mapumziko. Mutapumzika!"

Nyuma kabisa mtu akafanya ishara ya msalaba. Kwani kwenye parokia yetu mapumziko yalikuja na jina la mtu, na jeneza, na maua. Nikakumbuka Kiswahili cha kanisani. "Non, non, musiogope! Ni mafungo!"

"Kufungwa?" dereva wa kamyo akapaza sauti. "Yesu Maria! Tulifanya nini?"

"Haiko kufungwa! Mafungo!"

"Ah, kufunga," akasema mama wa kwenye vumbi, na sauti yake ikawa mbaya zaidi. "Donc ata chakula hakuna."

Direkta aliwatazama watu wake waliokuwa kimya kama samaki, akaniinamia sikioni. "Wameguswa, siyo?"

"Sana," nikamwambia.

Aliyeguswa kuliko wote alikuwa chef wa depo, yaani mkuu wake. Sote tulimwita Papa Chef, hata mabosi, hata watoto wa mtaa. Alikuwa kwenye kampuni tangu wakati wa Wabelgiji, mimi nikiwa bado navaa yunifomu ya shule. Kampuni ilimpa nyumba hapo hapo Nguba: ya matofali, veranda mbele, ngazi za simenti nyekundu ambazo mke wake alizisugua mpaka ukipanda unajiona. Nyumba ile ilikwenda na kazi. Siku ya kazi kwisha, ufunguo unarudi.

Asubuhi ile ile aliingia bironi kwangu, akafunga mlango, akakaa bila kuambiwa.

"Mwana wangu, uniambie kweli. Ni mimi, hein? Banazunguka na batu bote ju ya kunifikia mimi."

"Papa Chef, hapana! Mutaenda, mutakula, mutazungumuza, mutarudi. Njo yote."

"Njo vile banaanzaka. Unaenda, unakula nyama, banakupigia makofi. Unarudi, banakamata ufunguo."

Nikamwapia kwa Bikira Maria. Akanitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayeamini kila anachoambiwa. Halafu akasema kilichokuwa moyoni. Binti yake wa mwisho alikuwa ameposwa na watu wa université, wasomi wa chuo kikuu, watu wazito, na harusi ilikuwa imepangwa mwishoni mwa kiangazi. Wakwe walishakuja kujitambulisha. Walikaa kwenye veranda ile, wakatazama ziwa, wakapima kwa macho viti vitakaa wapi.

"Dada yake mukubwa, siku ya ndoa, alitokea mu nyumba ya kupanga," akasema. "Siku ile mvua ilipita mu manjanja ya paa, ikanyeshea wageni. Mpaka leo, wakigombana, mama mukwe anamurudilia ile mambo: wewe wa nyumba ya kuvuja. Batoto tatu amezaa, bado wa nyumba ya kuvuja! Huyu hapana. Huyu atatokea mu mulango yenye iko mulango. Nyuma ya pale banitie mu retrete, banitie mu shimo, kwangu ni moja."

Nilimwambia tena kwamba hakuna atakayemtoa. Akanishukuru, akainuka, akaenda zake, na nilijua hakuamini hata neno moja.

Jumatatu iliyofuata Papa Chef akaja kazini akiwa kijana.

Nywele zake, ambazo Ijumaa zilikuwa nyeupe, zilikuwa nyeusi, lakini nyeusi ya ajabu, yenye kung'aa, na depo nzima ilinuka buti za soldat. Alijipaka rangi ya viatu. Inzi mmoja alitua pale juu akashindwa kuruka. Miwani alikuwa ameiacha nyumbani. Ukimletea hati ya mzigo aliishika mbali, mkono umenyooka, halafu anakurudishia: "Soma wewe, uzoeze macho." Ngazi za biro alizipanda mbio, mbele ya dirisha la Direkta, na akifika juu aliegemea ukuta, akishindwa kupumua, akiupapasa kwa kiganja. Ukimwuliza, anasema anaangalia kama plasta imeshika.

Siku chache baadaye mke wake akaja kwangu, amevaa vizuri, uso umekaza.

"Mwana, papa yako anaruka kamba."

"Kamba gani, maman?"

"Kamba! Ya batoto ba fille, basichana! Kila asubuhi, nyuma ya jikoni, hop, hop, hop. Anapaka vitu mu kichwa. Mito yangu yote imekuwa nyeusi. Majirani banacheka. Mi sikuzaliwa jana. Ni mwanamuke gani?"

"Hakuna mwanamuke, maman. Ni retrete."

Akainuka kwenye kiti. "Anaitwa Retrete? Anakaa fasi gani?"

Ilinichukua muda kumtuliza. Nilipomweleza vizuri, hasira ikamtoka yote, akakaa tena, akafunika mdomo na kitenge. "Maskini baba ya batoto," akasema. "Afazali ingekuwa mwanamuke." Na alisema kweli. Mwanamke angemfukuza. Retrete ungeifukuza wapi?

Wakati huo huo mimi nilikuwa natafuta mahali. Direkta alitaka utulivu, majani mabichi, na umbali kati ya wafanyakazi na bia. Pa namna hiyo Bukavu palikuwa mahali pamoja tu: nyumba ya mamère, kwenye njia ya Mumosho, yenye vyumba vingi na bustani ya kabichi. Nikaenda kumwona mamère mkubwa, mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe. Nikamwambia kampuni yetu inaomba kufanya retrete. Uso ukamfunguka.

"Kampuni? Kampuni nzima? Na fundisho litakuwa juu ya nini?"

Nikasoma kwenye karatasi ya Direkta: "Espri ya ekipe." Alimaanisha ile roho ya kufanya kazi pamoja, kama timu. Lakini mamère mkubwa alishika lile neno la kwanza tu. Akakutanisha mikono kifuani.

"Espri! Roho! Ee, Mungu wangu, watu wa biashara wanamtafuta Roho! Acha yote mikononi mwangu, mwana, wewe usijisumbue tena."

Nilidhani ni ukarimu. Nikarudi mjini ninaimba.

Basi tukaenda. Kamyo mbili za chai, viti vimefungwa kwa kamba, akina mama mbele, ngoma nyuma, Direkta kwenye jeep yake. Papa Chef alikataa kiti. Alisimama njia nzima, ameshika chuma cha kamyo, akiruka na kila shimo na kutabasamu. Tulifika tukiimba, na langoni alikuwa amesimama mamère mkubwa, kidole mdomoni.

Kila ukuta ulikuwa na bango: KIMYA. Tukapewa vyumba kwa kimya, tukanywa supu kwa kimya. Dereva alipoomba chumvi, mamère mmoja akamwonyesha picha ya Yesu jangwani. Direkta akasimama na makaratasi yake kueleza mchezo wa kwanza wa kujuana, na kabla hajafungua mdomo, kengele ikalia na padri akaingia. Padri alituhubiri juu ya Roho Mtakatifu mpaka jua likahama dirisha. Nikamtazama Direkta, Direkta akanitazama. Lakini alikuwa mtoto wa Katoliki, mama yake alimlea vizuri, na huwezi kumwambia padri akae chini kwa sababu unataka watu warushiane mpira wa karatasi.

Comptable alipata sifa. Alilala wima siku nzima kama kawaida yake, na mamère wakawa wanatuonyesha yeye kama mfano wa mtu anayejua kutafakari.

Halafu padri akatangaza maungamo. Watu wa depo wakatazamana. Mmoja akainuka, wa pili akamfuata, mwishowe foleni ilifika mpaka kwenye kabichi, na waliotoka walitoka macho mekundu. Sitasema zaidi, ila wiki iliyofuata pakiti kadhaa za chai zilirudi depo zenyewe, kwa miguu yake. Hata Direkta aliungama. Alikaa mule ndani kitambo.

Siku ya pili mchana, mamère mkubwa mwenyewe akatuonea huruma. Akasema Roho anakaa ndani ya mwili na mwili unataka kuchezacheza, akatupa mpira na kiwanja cha nyasi nyuma ya kanisa. Uwii! Ungesikia kelele. Depo dhidi ya Biro, na Direkta, furaha tele kwamba hatimaye kuna kitu cha Ubelgiji, akavua abacost akabaki na singlendi, akawa nahodha wa Biro.

Papa Chef akakunja suruali mpaka magotini.

"Papa Chef, ubakie kuwa refa," nikamwambia.

"Refa ni bazee," akasema, akaingia.

Sijaona mtu akicheza vile. Hakuucheza mpira hata kidogo, alimcheza Direkta. Kila Direkta alipopata mpira, Papa Chef alifika, kwa goti, kwa bega, kwa tumbo, na Direkta akaenda chini. Akiinuka anapiga makofi, anasifu nguvu: "Bravo, papa! Quelle force!" Jua lilikuwa kali, na ile rangi ya viatu ikaanza kushuka. Ikapita kwenye paji la uso, ikazunguka macho, ikafika kwenye kidevu, ikadondokea shati. Mamère mmoja mdogo alitupa rozari akapiga kelele kwamba baba yule anatoka damu nyeusi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naye alikimbia tu, mdomo wazi, mkono mmoja kiunoni, na mimi niliyejua anakimbia nini, nikaacha kucheka. Nilimwogopea. Niliona atakufa pale mbele yetu, kwa ajili ya mlango.

Depo wakashinda. Jioni ikakaribia, mamère wakatoa bugali na nyama ya mbuzi, na wakaturuhusu kusema. Direkta akainuka, kiwiko kimechubuka, uso unang'aa. Akaniita nitafsiri.

Akasema alikuja pale akiwa na jambo linalomsumbua. Kampuni inafungua shamba jipya, mbali, milimani kule kupita Luhwindja. Linahitaji mtu anayeijua chai na mwenye nguvu ya kuanza na msitu. Alikuwa amefikiria mtu, lakini aliambiwa mtu huyo amechoka, aachwe tu amalizie siku zake mezani.

"Leo nimejionea mwenyewe nani amechoka," akasema, akigusa kiwiko. "Papa Chef ataenda kufungua shamba. Ataondoka ndani ya wiki mbili, mvua isimkute njiani. Watamjengea nyumba ya mbao huko huko. Ile ya Nguba itakwenda kwa comptable."

Comptable akaamka.

Nilitafsiri. Nilitafsiri neno kwa neno, maana sikuwa na akili ya kufanya kingine. Watu wa depo wakapiga makofi, wakapiga meza, wakaimba jina lake la Papa Chef. Wao waliona ukubwa. Mimi niliona wakwe wa université wamesimama mbele ya nyumba ya comptable.

Papa Chef aliinuka polepole. Hakuja mbele. Alikwenda pale pembeni palipokuwa na pipa la maji ya kunawa, akachukua kikombe, akajimwagia kichwani. Akajimwagia tena. Akatoa kitambaa mfukoni, akasugua, nywele, shingo, nyuma ya masikio, bila haraka, kama mtu aliye nyumbani kwake. Maji meusi yakatiririka kwenye simenti ya mamère. Alipogeuka kichwa chake kilikuwa cheupe, cheupe kabisa, na pale palikuwa na kimya ambacho mabango yote ya ukutani hayakuwahi kukipata.

"Mwana wangu, tafsiri," akasema. "Mwambie: Citoyen Direkta, niko muzee. Magoti inaniuma. Karatasi siione. Ile ngazi ya biro, kila siku nasema leo njo inaniua. Niko naomba retrete."

Nikatafsiri. Direkta akafungua mikono, amechanganyikiwa kabisa.

"Mais, papa, tuko kwenye retrete!"

"Hapana hii," akasema Papa Chef. "Ile ingine."

Watu waliangua kicheko. Dereva alianguka kwenye benchi, mama wa pakiti alikuwa anajipiga mapaja, na mimi pia nilicheka, machozi yakanitoka, na niliendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. Papa Chef peke yake hakucheka. Alingoja watulie.

"Na umwambie nyumba. Aniachie mpaka mutoto atoke. Siku akitoka, akamate ufunguo."

Sikuwahi kusema Kifaransa kizuri kama siku ile. Niliweka kila kitu: binti, wakwe, dada mkubwa, manjanja, mvua, mama mkwe na ulimi wake. Vingine Papa Chef hakuniagiza niseme, lakini nani angenikagua? Direkta alisikiliza, akatazama yale maji meusi yaliyofika karibu na viatu vyake. Halafu akazunguka meza, akamshika Papa Chef mkono kwa mikono yake miwili, akasema nyumba ni yake mpaka mwisho wa mwaka, na harusi ikitaka kamyo, kamyo zipo. Kijana yule hakuwa mbaya. Alikuwa tu wa Kinshasa.

Tangu hapo nimepanga retrete ya kampuni kila kiangazi, miaka mingi, na neno lile sikulitamka tena mbele ya depo. Nilisema, "Tunaenda kutembea." Nani anaogopa kutembea? Walipanda kamyo kabla sijamaliza.

Harusi ilifanyika mwishoni mwa kiangazi, ziwa limetulia, na wingu la kwanza la mvua liko mbali kule ng'ambo. Wakwe walikaa kwenye veranda, viti pale pale walipopimia. Mama mkwe mtarajiwa alitazama juu, akatazama chini, akagonga mlango kwa kidole, na hakupata la kusema. Binti alitoka kwenye mlango ule, akashuka ngazi nyekundu, polepole, maana maman alikuwa amezisugua mno na viatu vilikuwa virefu. Papa Chef alisimama juu mpaka gari la mwisho likapotea na honi zake. Suti yake ilikuwa kubwa kidogo. Nilijua anajizuia, na sikumtazama usoni.

Kabla ya jua kuzama, kamyo ya kampuni ilikuwa mbele ya nyumba, imepakiwa. Maman alikuwa ameshakaa juu ya magodoro, anampigia kelele afanye haraka. Wanakwenda kijijini kwao.

"Papa Chef, Direkta alisema mpaka mwisho wa mwaka," nikamwambia. "Bado miezi!"

"Najua. Mais nikilala humu leo, kesho nitataka kulala tena. Najijua."

Akafunga madirisha, moja moja, akafunga mlango, akaweka ufunguo kiganjani mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake. Nimpelekee Direkta Jumatatu. Akashuka ngazi. Maman akamwuliza kofia iko wapi.

Alikuwa ameisahau ndani. Akapanda tena, akafika kwenye veranda nilipokuwa nimesimama, akatazama mlango, akanitazama mimi na mkono wangu uliofumba ufunguo. Akasita. Halafu akavua viatu vyake, akavipanga pembeni ya mlango, jambo ambalo miaka yote ile sikumwona akilifanya, akabisha kwa kidole.

"Hodi," akasema.

Nikafungua. "Karibu, papa," nikamwambia.